Kusajili .de ukiwa Muheza: shajara ya mradi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Kazi nimeikubali. AMCOS, yaani chama cha ushirika, ya wakulima wa viungo hapa Muheza, ambao tovuti yao ya .co.tz niliwatengenezea mwaka juzi, sasa wanataka na jina la pili linaloishia .de, mkia wa majina ya tovuti ya Ujerumani. Chanzo ni mnunuzi wao wa Hamburg. Anachukua iliki na pilipili manga, anazigawa kwa maduka madogo, na anadai wenye maduka wakipewa anwani ya .co.tz hawaifungui. Nilimbishia kidogo: mtu ameshika iliki mkononi, anainusa, mkia wa anwani unamhusu nini? Akanijibu kwa swali: wewe ukipewa anwani inayoishia herufi mbili usizozijua, utaweka namba ya kadi yako? Nikanyamaza.

Kikao kilikuwa ghalani, juu ya magunia. Mnunuzi alikuwa ametuma ujumbe kwamba jina atalisajili yeye mwenyewe, dakika tano tu, sisi tulitumie. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akatania kwamba Wajerumani walikuja Amani, huku milimani kwetu, mwaka 1902 wakafungua kituo chao cha utafiti wa kilimo bila kumwuliza mtu, basi safari hii sisi ndio tukapande kwao. Kicheko kikatawala.

Mama Mhazini hakucheka. Alisubiri watulie, akaniuliza:

"Mwanangu, hilo jina litaandikwa la nani?"

"La huyo mnunuzi, mama. Sisi tutalitumia."

"Na siku tukimwuzia mwingine?"

Sikuwa na jibu. Ndipo mradi ulipobadilika. Kutafuta jina haikuwa tena kazi. Kazi ilikuwa AMCOS, ikiwa na makao Muheza, Tanzania, iandikwe mmiliki wa jina la Ujerumani bila mtu wa katikati. Nimewaomba mwezi mmoja.

Jumatano, 7 Mei

Kabla ya kushika .de nilipitia nchi nyingine, maana Mwenyekiti aliuliza kwa nini tusichukue .eu tukawapata Wazungu wote kwa mkupuo. Jibu fupi: haiwezekani. .eu ni ya wakazi na kampuni za Umoja wa Ulaya, nchi chache zilizoungana nao kiuchumi, na raia wa Umoja popote walipo. Waingereza wenyewe walionja: walipotoka kwenye Umoja, majina yao ya .eu yalizimwa kuanzia tarehe 1 Januari 2021, na aliyekuwa na duka humo alilikuta limefungwa. Kama Mwingereza aliyekuwa ndani ametolewa nje, Mdigo wa Muheza atapita mlango gani?

Italia ni vivyo hivyo, wanataka uwe Ulaya. Norwei wanataka namba ya taasisi kutoka kwenye daftari lao la kampuni, au namba ya kitambulisho chao ikiwa ni mtu binafsi, pamoja na anwani ya huko. Japani bila anwani ya Japani hupati. Kanada wana masharti yao ya kuwa na uhusiano na nchi: uraia, ukazi wa kudumu, kampuni iliyoandikishwa kwao. Ila wameacha dirisha moja ambalo nimelipenda: ukiwa na alama ya biashara iliyosajiliwa Kanada, hata kama hujawahi kukanyaga theluji, unaruhusiwa jina la .ca lenye neno lilelile la alama yako. Nimeliandika pembeni. Ipo siku iliki itafika Toronto.

Upande wa pili zipo nchi zinazouza majina kama maandazi asubuhi: .tv ya Tuvalu, .me ya Montenegro, .co ya Kolombia. Hawaulizi unatoka wapi. Lakini mteja wa Hamburg hataona chochote cha kwake ndani ya .tv.

Ujerumani wako katikati, na katikati ndiko penye mambo.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimesoma masharti ya .de mwanzo mpaka mwisho, kwa kamusi na kikombe cha tangawizi.

Masjala ya .de inaitwa DENIC, iko Frankfurt. Kilichonifurahisha, na nilimpigia Mwenyekiti simu hapohapo kumweleza, ni kwamba DENIC nayo ni ushirika. Si idara ya serikali wala kampuni ya wanahisa wa soko. Ni chama cha ushirika kilichoundwa mwaka 1996, na wanachama wake ni hao wanaouza majina kwa umma. Jina la .de lenyewe lilianza mwaka 1986, na leo majina yaliyosajiliwa chini yake yamepita milioni 17. Mwenyekiti akasema, "Kumbe ni AMCOS wenzetu." Wenzetu wakubwa kidogo.

Sasa sharti la mgeni. Hapo ndipo kuna maneno ya zamani yanayozunguka mpaka leo. Zamani asiyeishi Ujerumani alilazimika kutaja mtu wa mawasiliano anayekaa Ujerumani, na mtu huyo akabeba jukumu kama mdhamini wa polisi. Ikazuka biashara ya watu wanaokodisha majina na anwani zao. Sharti hilo liliondolewa Mei 2018, wakati sheria mpya ya Ulaya ya taarifa binafsi ilipoanza kutumika na daftari la wamiliki likafichwa.

Kilichobaki ni hiki: mmiliki asiye na makao Ujerumani, siku DENIC ikimtaka, lazima ndani ya wiki mbili ataje mtu aliyeko Ujerumani wa kupokea nyaraka rasmi kwa niaba yake. Siku ikimtaka, si siku ya kusajili. Kwa mfano mtu akidai jina letu linaingilia la kwake na anataka kutupelekea barua ya mahakama, hapo ndipo tutaambiwa tumtaje mpokeaji. Kama hakuna ugomvi hakuna anayetuuliza.

Naandika hili kwa wino mzito kwa sababu jioni nimeingia kwa muuzaji mmoja wa majina, nikachagua nchi Tanzania, na papo hapo kikaruka kisanduku chenye tiki tayari: huduma ya mwakilishi wa ndani, "inahitajika" kwa wasio wakazi, bei yake kwa mwaka karibu mara tatu ya bei ya jina. Haihitajiki. Nimeitoa tiki, fomu ikaendelea bila kulalamika. Ni miaka saba tangu sharti life na bado kuna wanaoliuzia sanda.

Jumatatu, 12 Mei

Jina. Hili nililidhani jepesi.

Neno la viungo kwa Kijerumani ni Gewürze, lenye u yenye nukta mbili kichwani. .de inaruhusu herufi hizo tangu Machi 2004, kwa hiyo kisheria hakuna kizuizi. Tatizo lilijitokeza kwenye simu ya Mama Mhazini. Nilimtumia jina la majaribio lenye ü, akalibonyeza, na juu kwenye kisanduku cha anwani ikatokea xn--gewrze-5ya na mabaki yake.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo ileile, mama. Mitambo ya majina haielewi zile nukta, kwa hiyo chini kwa chini inaandikwa hivi."

"Mimi nikiona hivi nafunga. Nitasema nimeibiwa."

Naye ndiye atakayejibu barua pepe za wateja. Zaidi ya hapo, anwani ya barua yenye ü baadhi ya mifumo inaikataa bila hata kutoa sababu. Wajerumani wenyewe wakikosa kitufe cha ü huandika ue, kwa hiyo tumechukua jina la mahali petu, kistari, kisha gewuerze. Lenye ü tutalichukua baadaye lielekezwe kulekule, fedha ikiruhusu. Kwenye orodha ya DENIC jina letu linasomeka "free". Huko anayewahi ndiye anayepata, hakuna kuweka nafasi.

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya fomu. Nilifika ghalani saa tatu na laptopu, nikijua saa nne nitakuwa nimemaliza. Nimetoka saa nane.

Fomu inataka jina la mmiliki: AMCOS, kama ilivyo kwenye cheti cha usajili wa ushirika, neno kwa neno. Sawa. Anwani: nikaandika S.L.P. na namba yake, Muheza. Ikakataa. Maandishi mekundu: anwani ya sanduku la posta haikubaliki, andika mtaa na namba ya nyumba.

Msomaji wa Dar au Nairobi ananielewa. Sisi tumekua na S.L.P. Shule ina S.L.P., msikiti una S.L.P., barua ya kuitwa kazini inakuja kwa S.L.P. ya mjomba. Huku kwetu hakuna tarishi anayegonga mlango. Na masharti ya DENIC yako wazi: sanduku la posta halitoshi, wanataka mahali ambapo mtu anaweza kupelekewa karatasi mkononi.

Mlinzi wa ghala ndiye aliyetuokoa. Alikuwa anasikiliza mlangoni, akasema, "Si kuna kile kibao?" Tukatoka nje. Kweli, juu ya mlango, nusu kimefunikwa na utando wa buibui na vumbi la mdalasini, kuna kibao cha namba kilichopigwa misumari mwaka 2022 wakati wa operesheni ya anwani za makazi. Tangu siku ile hakuna aliyewahi kukitazama. Mlinzi akakifuta kwa kanga, tukasoma: jina la barabara, namba. Barabara ina jina! Nusu ya waliokuwepo walikuwa hawalijui.

Postikodi nayo ikapita bila taabu. Yetu ni tarakimu tano, na ya Wajerumani pia ni tarakimu tano tangu mwaka 1993, kwa hiyo kisanduku kilitosha. Nawaza rafiki zangu wa nchi zisizo na postikodi wanaoandika 00000.

Kwa nini ninaing'ang'ania anwani hivi? Kwa sababu nimegundua jambo ambalo fomu haisemi. Majina ya .de hayana tarehe ya kufa kwenye masjala. Mkataba na DENIC hauna mwisho. Unayemlipa kila mwaka ni muuzaji. Ikitokea muuzaji huyo amefunga duka au ameamua kutohudumia tena jina lako, DENIC inalichukua mikononi mwake kwa muda na kumwandikia mmiliki barua, barua ya karatasi, yenye neno la siri la kuchagulia pa kulipeleka. Inaenda kwenye anwani iliyoandikwa. Ukiwa umeandika anwani ya uongo ili fomu ipite, jina lako linatangatanga na barua inarudi Frankfurt.

Tumepiga picha kibao. Posta ya Muheza nimepita kuwauliza barua yenye anwani ya namna hiyo itafikaje. Dada wa kaunta alishauri tuandike anwani ya mtaa, na kwenye mstari wa pili tuweke namba ya simu. Mstari wa pili fomu inao. Tumeuweka.

Ijumaa, 16 Mei

Malipo yamegoma. Kadi ya mtandaoni niliyotengeneza kwenye simu ilikataliwa mara tatu, na njia nyingine waliyonayo ni kukata moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya Ulaya. Pesa ya simu hawaijui. Oda ikafutwa yenyewe usiku.

Nimempigia mdogo wangu aliyeko Bremen. Amefungua akaunti kwa muuzaji yuleyule, ameagiza upya, mimi nikimsomea taarifa kwa simu huku yeye yuko kwenye tramu. Nitamrudishia kwa M-Pesa kwa mama nyumbani. Mzunguko, lakini umekwisha.

Au ndivyo nilivyodhani.

Jumanne, 20 Mei

Siku nne jina halijasajiliwa. Muuzaji anasema "linashughulikiwa", mdogo wangu anasema amekatwa hela. Leo nimepata sababu, nayo ni yangu.

Ukisajili .co.tz au .com, kwanza unapata jina, halafu unakwenda kupanga seva za majina, zile kompyuta zinazoelekeza jina liliko tovuti, kwa nafasi yako, hata mwezi ujao. .de hawaendi hivyo. DENIC inapopokea maombi yanayotaja seva zako, inazipigia hodi kwanza. Inataka angalau seva mbili, zote ziwe tayari zinalijua hilo jina na kulijibia kama wenyewe, na orodha ya seva iliyomo ndani ya majibu yao ilingane na orodha uliyoandika kwenye maombi. Kasoro moja, maombi yanarudi. Yaani wanataka uonyeshe nyumba imejengwa kabla hawajakupa kiwanja.

Mimi nilitaja seva mbili za pale tunapohifadhi .co.tz. Ya kwanza nilipoiuliza ilijibu vizuri: wenye jina hili ni mimi na mwenzangu wa pili. Ya pili ikajibu: ni mimi na yule wa zamani, seva tuliyoiacha mwaka jana. Mashahidi wawili, maelezo mawili. Hakimu akatupa kesi nje.

Nilinakili faili la zamani bila kulisoma, ndiyo habari yenyewe. Nimefuta mstari mmoja, nimeandika mwingine, nimeongeza namba ya toleo ili seva ya pili ijue kuna mabadiliko. Nikapima tena kwa chombo cha ukaguzi ambacho DENIC wenyewe wamekiweka wazi kwa umma. Kosa limeondoka, likabaki onyo: muda wa seva ya pili kuendelea kujibu ikiwa ya kwanza imezimika nilikuwa nimeuweka siku moja. Wao wanapendekeza kati ya wiki moja na sekunde 3,600,000, siku 41 na ushee. Onyo halizuii usajili, ila nimeona lina akili. Umeme wa huku ukikatika siku mbili mfululizo, siku moja ni kidogo. Nimeweka wiki mbili.

Nikamwomba mdogo wangu abonyeze kutuma upya. Dakika chache baadaye nikauliza orodha, na ile "free" imegeuka "connect". Nimepiga kelele ofisini mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza nani kafa.

Jumatatu, 26 Mei

Furaha imedumu siku sita.

Mdogo wangu amenitumia picha ya ankara ya barua pepe. Juu kabisa imeandikwa jina lake, na neno Inhaberin.

"Kaka, hapa wananiita mimi ndiye mwenye jina."

Nilifungua ukurasa wa orodha ya DENIC kuhakikisha, na hapo nikakumbuka kwamba haitanisaidia. Tangu 2018 anayeuliza haonyeshwi mmiliki. Anaona seva za majina, hali ya jina na tarehe ya badiliko la mwisho, basi. Mwenyewe anaweza kuiomba masjala imwonyeshe taarifa zake, lakini mtu wa nje asiye na sababu ya kisheria hawezi. Kwa hiyo wiki nzima mimi nilikuwa nasherehekea "connect" bila kujua jina ni la nani.

Kilichotokea: alipofungua akaunti, muuzaji alichukua taarifa za mwenye akaunti na kuzijaza moja kwa moja kwenye nafasi ya mmiliki. Zile nilizomsomea akiwa kwenye tramu, kibao na postikodi na cheti, ziliingia kwenye kisanduku cha anwani ya ankara. Kisanduku cha mmiliki kilikuwa ukurasa mwingine, chini, kimefungwa kwa mshale mdogo ambao hakuna aliyeambiwa aubonyeze.

Nilikwenda kumweleza Mama Mhazini mwenyewe, ana kwa ana. Jambo kama hili halisemwi kwa ujumbe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uso huo una habari."

Nikamweleza. Alikuwa anapima iliki, hakuacha kupima.

"Kwa hiyo tumemkwepa Mjerumani, shamba likaandikwa jina la dada yako."

"Ndiyo, mama. Lakini ni mdogo wangu, hawezi…"

"Sijasema ataiba. Akiolewa huko? Akibadili simu? Akifa, Mungu apishe mbali, tutamdai nani, mumewe?"

Akamwaga iliki kwenye gunia. "Rekebisha."

Alhamisi, 29 Mei

Nimewapigia huduma kwa wateja saa nne asubuhi yetu, maana kwao ni saa tatu kipindi hiki cha majira ya joto. Inaita tu. Nusu saa nikiwa na muziki wa kinanda sikioni. Kumbe leo kwao ni sikukuu ya Kupaa Bwana, nchi nzima imefunga, na mdogo wangu anasema wengi wataunganisha na Ijumaa. Mimi Mwislamu wa Tanga nimejifunza kalenda ya Kanisa kwa njia ya domeni.

Jumatatu, 2 Juni

Wamepokea. Kubadili mmiliki wa .de kunafanywa na muuzaji, naye huyu ana fomu ya ukurasa mmoja: mmiliki wa sasa anasaini kwamba anaachia, mmiliki mpya anasaini kwamba anapokea na kwamba ameyakubali masharti ya DENIC. Hakuna ada.

Mdogo wangu amesaini Bremen, akaskani. Huku Mwenyekiti amesaini, kisha akaitisha muhuri. Nikamwambia fomu haihitaji muhuri. Akanitazama kama niliyesema chai haihitaji sukari. Muhuri ukagongwa, wa duara, wa zambarau, ukafunika nusu ya sahihi. Mama Mhazini akasaini pia chini yake, mahali ambapo hapakuwa na mstari wa kusaini, kwa sababu hati yoyote ya AMCOS husainiwa na wawili.

Akaunti nayo nimeihamisha. Sasa ni ya AMCOS, kwa barua pepe ya AMCOS, ile ya .co.tz. Hilo nililifikiria usiku: ukiweka barua pepe ya jina lilelile la .de kuwa njia ya kuingilia kwenye akaunti ya .de, siku jina likizimika umefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Alhamisi, 5 Juni

Jibu limekuja asubuhi: limebadilishwa. Kwenye ukurasa, chini ya ule mshale mdogo, panasomeka jina la AMCOS, barabara, namba ya kibao, postikodi, Muheza, TZ. Hawakusema neno kuhusu muhuri.

Idi imekaribia. Naacha kompyuta.

Jumanne, 10 Juni

Kurasa za Kijerumani ziko hewani: bidhaa nne, picha za ghala, fomu ya kuulizia bei. Tafsiri amepitia mwalimu aliyekaa Leipzig miaka mingi. Alifuta nusu ya sifa zangu za pilipili manga akisema Mjerumani akisoma "bora kuliko zote duniani" anatafuta kasoro.

Kilichobaki ni ukurasa unaoitwa Impressum. Tovuti ya biashara Ujerumani huwa na ukurasa unaosema wazi nani yuko nyuma yake: jina kamili la taasisi, anwani ya mahali, mwakilishi, njia ya kumpata haraka, na namba ya usajili kama ipo. Sheria yake iliandikwa upya Mei 2024 kwa jina jipya, kwa hiyo vielelezo vingi vya kunakili bado vinataja kifungu cha sheria iliyofutwa, nasi hatukutaja kifungu chochote. Mnunuzi wa Hamburg alisema mwenye duka akikosa Impressum anafunga ukurasa bila kuuliza bei. Tumeiweka, kwa namba ya cheti cha ushirika na anwani ileile ya kibao. S.L.P. nimeiongeza chini, kwa heshima.

Mwenyekiti aliuliza kama jina hili sasa ni letu milele. Nikamkumbusha habari ya majirani zetu wa Kongo: nchi ilipoacha kuitwa Zaire, .zr ikapewa mrithi, .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa pamoja na kila kilichoandikwa chini yake. Akasema Ujerumani haiwezi kubadili jina. Mama Mhazini akasema hata Zaire walisema hivyo.

Alhamisi, 12 Juni

Makabidhiano. Nimechapa ukurasa wa mmiliki, fomu yenye sahihi tatu na muhuri, na karatasi yenye tarehe ya kumlipa muuzaji kila mwaka, tarehe 20 Mei, ikiwa na namba ya mdogo wangu kwa ajili ya malipo mpaka AMCOS ipate kadi inayokubalika huko. Hati zote Mama Mhazini amezitia kwenye faili la bluu, lile lenye hati ya kiwanja cha ghala na risiti za mizani.

Kisha akachukua simu yake, akaandika jina herufi moja moja, ue bila nukta, akaifungua. Akashuka mpaka chini kwenye Impressum, akasoma anwani, akainuka akatoka nje kuilinganisha na kibao.

"Kiko sawa," akasema akirudi. "Ila mwambie mlinzi akipige msumari wa pili. Kinaning'inia."